Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kibiti hadi Mtawanya

Niliondoka Kibiti asubuhi moja ya mwisho wa masika, umande ukiwa bado juu ya mabati, na sikuwa na mpango wowote. Hassani, fundi baiskeli niliyekuwa nikimsaidia kwa mwezi wa tatu sasa, alikuwa akifagia mbele ya banda lake. Aliona nimefunga pampu na mfuko wa viraka kwenye fremu, akauliza nakwenda wapi.

"Bado sijajua."

"Utajua lini?"

"Nikifika."

"Basi ukifika nisalimie watu wa huko," akasema, akaendelea kufagia.

Ninyi mnaokaa kwenye benchi la banda lile mmeniuliza tangu niliporudi: imekuwaje mtu aondoke kwenda kuzurura siku moja, arudi baada ya karibu wiki mbili, baiskeli ina matope ya chumvi mpaka kwenye mnyororo? Nimewajibu vipande vipande, kila mmoja kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vinagombana. Hapa nimeyaandika yote kwa mpangilio, kwa kadiri ya mtu aliyeacha shule darasa la tano.

Chanzo mnakijua, wengine mlikuwepo. Wiki yangu ya kwanza kwa Hassani alipita mwanamke mgeni, mwembamba, mwenye mvi, amepanda baiskeli yenye tairi nene. Alitaka kiraka na maji ya kunywa. Nilimwuliza anakwenda wapi, akajibu kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba anakwenda Lindi, halafu Songea, halafu ziwani. Nikamwuliza huko ana kazi gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwenda tu."

Mlicheka wote. Nami nilicheka, lakini neno lile lilinikaa. Nimekuwa utingo wa lori la korosho, mpagazi wa stendi, mchota chumvi, na kila safari niliyowahi kusafiri ilikuwa ya kazi ya mtu mwingine. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kutoa jasho milima na mabonde kwa kutaka tu kujua njia inaishia wapi.

Miaka hii maduka yameanza kujaa. Baada ya mitumba ya nguo ikaja mitumba ya baiskeli, na moja ikaangukia mikononi mwangu. Ilikuwa ya bluu, ina maandishi ambayo hakuna mtu Kibiti aliyeweza kuyasoma, na ina gia kumi na nane. Gia hizo ndizo zilizoleta ubishi. Vijana wa stendi walisema gia nzito ndiyo ya wanaume, nyepesi ni ya watoto kujifunzia. Niliwaamini. Mnyororo ukawekwa kwenye meno makubwa ya mbele, na hapo ukabaki.

Nilifuata njia ya Mtawanya kwa sababu moja tu: nilikuwa nimewahi kuona malori yakitokea upande ule yamejaa boriti za mikoko, nikataka kujua yanatoka wapi. Mwanzo ilikuwa raha. Upepo wa asubuhi, mikorosho pande zote, na mimi nasikia tairi zikivuma kama nimepanda kitu kikubwa kuliko baiskeli. Kisha udongo mwekundu ukaisha, ukaanza mchanga mweupe, mzito, uliolegea kama unga. Gurudumu la mbele likazama. Nikasimama juu ya pedali, nikakaza, nikaanguka ubavu. Nikapanda tena, nikaanguka tena. Mwishowe nikateremka, nikaanza kuikokota.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kile kitongoji cha Mtawanya, nimeinamisha kichwa, natembea polepole kando ya baiskeli.

Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga wakasimamisha michi. Mtu akazima redio. Mwanamume mmoja aliyevaa kofia akanijia, akaipokea baiskeli mikononi mwangu, akaiegemeza ukutani kwa upole mno, kama ni mgonjwa. Nikaletewa kigoda na maji ya kunywa. Mama aliyekuwa akiuza uji akanijazia bakuli kabla sijaagiza. Tukasalimiana kirefu. Nikawaza: watu wa hapa ni wakarimu kuliko wa Kibiti mara kumi.

Yule mwenye kofia akakaa mbele yangu. "Haya, baba. Tumekaa. Tuambie."

"Niwaambie nini?"

"Ulilotumwa."

"Sijatumwa."

Akanitazama. "Umetoka wapi?"

"Kibiti."

"Kwa nani?"

"Kwa Hassani, fundi baiskeli."

Akageuka kwa wenzake, sauti imeshuka. "Jamani, nani hapa ana mtu wake kwa Hassani fundi baiskeli?"

Hakuna aliyekuwa na mtu. Walianza kutajiana majina ya ndugu waliokwenda Kibiti, mmoja baada ya mwingine, na kila jina likitajwa kuna uso uliokuwa ukinitazama kwa hofu. Nikasema tena kwamba sikupewa neno na mtu yeyote, kwamba mimi natembea tu, nataka kuona njia. Kisha mama wa uji akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Wewe kijana umetukata pumzi," akasema. "Huku mtu akiletwa na habari ya kifo haji juu ya baiskeli mpaka mlangoni. Ni utovu wa adabu. Anateremka kule mbali, anaikokota, ili watu wamwone na wajiandae. Mwenye mzigo wa mkaa akikokota, tunaona mkaa. Mwenye pancha tunaona tairi. Wewe tairi zako zimejaa, huna hata kikapu, na unatembea umeinama. Tukuelewe vipi?"

"Mchanga umenishinda, mama."

"Basi lipa uji wangu," akasema, "maana nilikupa wa msiba."

Mzigo wa kuni

Yeye ndiye aliyetoa dawa. Mbele bado kulikuwa na vitongoji, na mchanga ulikuwa bado upo. Akachukua kuni za nyuma ya kibanda chake, akazifunga mafungu mawili, akanifungia nyuma kwa kamba ya mkonge. "Sasa hata ukikokota, wewe ni mtu wa kuni. Hakuna atakayekusikitikia."

Kweli ilifanya kazi. Nilipita vitongoji viwili nikikokota, na watu waliitikia salamu bila kuacha shughuli zao. Mzee mmoja aliniuliza tu kwa nini nachukua kuni kupeleka kwenye mikoko, mahali ambapo kuni ziko nyingi kuliko watu. Nikamwambia ni kuni maalumu. Akatikisa kichwa akaniacha.

Lakini kuni ni kuni. Jua lilipopanda, mabega yalianza kuniuma na baiskeli ikawa inaniangukia kila hatua. Nikaanza kujicheka. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda tu, bila kazi ya mtu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimebeba mzigo usio na mwenyewe ili watu nisiowajua wasiwe na wasiwasi. Nilipofika mahali pasipo na nyumba, nikafungua kamba, nikazipanga zile kuni vizuri kando ya njia kwa yeyote atakayezihitaji, nikaendelea mwepesi. Nilijiambia hakuna nyumba tena mbele.

Huo ndio uamuzi ambao nauonea haya mpaka leo.

Nyumba ya mwisho kabla ya mikoko

Kulikuwa na nyumba nne mbele, na ya mwisho iliangalia njia moja kwa moja. Nilitokea kwenye mikorosho nikikokota, mbali, peke yangu.

Barazani kulikuwa na mama wa makamo amekaa mkekani akipepeta mchele. Aliinua macho. Aliuweka ungo chini taratibu, akasimama, akavua khanga ya kichwani akajifunga kiunoni. Kisha akashuka barazani na, kama aliyekatwa miguu, akakaa chini kwenye mchanga wa uani. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema jina moja tu, "Athumani, Athumani wangu," kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Majirani walifika kabla yangu. Mtu alikuwa ameshaondoka kwenda kumwita mwalimu wa madrasa. Nilisimama katikati yao nikitafuta pa kuweka baiskeli na hapakuwa na pa kuiweka.

"Mama," nikasema, "sikutumwa. Sina habari yoyote. Natembea tu."

Nilidhani watafurahi. Mwanamke mwingine aliyekuwa amemshika mabega yule mama akaniuliza, "Sasa ulikokota kwa nini?"

"Mchanga."

"Mchanga huu upo tangu hajazaliwa babu yangu, na watu wanapita kando, kwenye majani, wanapanda. Wewe umelelewa wapi?"

Nikakaa chini nami, kwa kuwa kusimama kulikuwa kunanitia aibu zaidi.

Habari yenyewe niliipata kidogokidogo. Yule aliyenikaripia ni Bi Zena, mwenye nyumba. Aliyelia ni dada yake, Bi Mwanahawa, mkulima wa mpunga wa Salale, ng'ambo ya maji. Mwanawe Athumani ni mkata mikoko, na ndiye pekee anayeishi naye. Siku kumi na mbili nyuma shoka lilimponyoka likamkata mguu. Alikaa nyumbani siku nne akitiwa dawa, kidonda kikaharibika, homa ikapanda. Shemeji yake Shamte alimvusha kwa mtumbwi, akampakia juu ya lori la boriti, wakaenda hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Tangu hapo, hakuna neno. Lori halikurudi. Bi Mwanahawa alihamia kwa dada yake ili awe karibu na njia, na kila siku alikaa pale barazani akipepeta mchele ule ule, akiangalia ni nani anatokea kwenye mikorosho.

Na mimi ndiye niliyetokea.

Baada ya kunywa maji Bi Mwanahawa alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Baiskeli yako nzima?"

"Nzima, mama."

"Na huna kazi unayokwenda?"

"Sina."

"Basi nenda kaniulizie."

Hakusema tafadhali wala hakuhitaji. Alikuwa amekwisha kumzika mwanawe kwa muda wa nusu saa kwa sababu yangu, na sasa hakujua kama amfufue au amwache.

Kurudi barabara kuu

Nililala pale, nikaondoka alfajiri iliyofuata. Bi Zena alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanionyesha kwa kidole ukanda wa majani kando ya mchanga. "Hapo. Hata bibi yangu angepita hapo."

Majani yalisaidia, lakini si kila mahali. Kulikuwa na mteremko mmoja ambao mchanga wake ulikuwa umefunika njia yote, na nilianguka mara tatu. Mara ya tatu nilibaki nimelala, natazama mnyororo ulio mbele ya pua yangu, uko kwenye yale meno makubwa ya wanaume. Ndipo nilipokumbuka lori. Nilikaa miaka miwili nikiwa utingo, na sikumwona dereva hata mmoja akiingia matopeni kwa gia ya nne. Lori likizama, anarudi gia ya kwanza, injini inalia sana, gari linakwenda polepole, linatoka. Kwa nini baiskeli iwe na akili tofauti na lori?

Nikausukuma mnyororo kwa kidole mpaka kwenye meno madogo kabisa. Nikapanda. Miguu ikazunguka haraka haraka kama ya mtoto anayecheza, aibu tupu, na baiskeli ikaenda. Polepole kuliko mtu anayetembea, ikiyumba, lakini ikaenda. Nilijifunza kukaa kwa nyuma kidogo kwenye kiti ili tairi la mbele lisizame, na kuacha usukani ucheze wenyewe bila kuubana. Nilijifunza kutazama mbali, kwa sababu ukitazama mchanga ulio chini yako, ndipo unapoangukia. Sijui kama yule mgeni mwenye mvi alifundishwa haya na mtu, au naye alilala kifudifudi mahali akatazama mnyororo.

Mtawanya nilipita nimepanda. Mama wa uji aliinua mwiko. Yule mwenye kofia akaniita, "Umezika wapi kuni zetu?" Sikusimama. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na pale pale nikaionea haya, maana mbele yangu kulikuwa na jambo ambalo huenda lingenirudisha kwenye njia ile ile nikikokota, na safari hiyo ingekuwa kweli.

Nilifika hospitali jua likiwa limeanza kuinama. Nilimwuliza mlinzi, naye akanielekeza wodi ya wanaume. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila sura isipokuwa ile niliyoikuta: mtu wa miaka kama thelathini, mweusi, mpana wa kifua, amekaa kitandani anakula chungwa na kumwambia mwenzake wa kitanda cha pili kwamba anakoroma kama boti ya wanunuzi wa samaki na kamba.

"Wewe ndiye Athumani wa Bi Mwanahawa?"

"Ndiye aliyebaki," akasema.

Aliinua shuka. Mguu wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti, umefungwa bandeji nyeupe.

Nilimweleza nilivyotokea kwa mama yake, na mchanga, na kilio. Alicheka mpaka akajishika paja kwa maumivu. Shamte, shemeji yake, aliyekuwa amelala sakafuni juu ya mkeka, aliinuka akasikiliza. Alieleza kwamba alituma salamu mara mbili, kwa watu wawili waliosema wanakwenda huko. Kumbe mmoja aliishia Bungu na mwingine hakujulikana alipoishia.

"Mwambie mama mimi mzima," Athumani akasema.

"Na mguu?"

"Mguu usiutaje. Nitakwenda nao mwenyewe, hivyo ulivyo."

Shamte akaguna. "Ushuke mtumbwini na magongo, mama yako yuko ufukoni anakusubiri? Unataka aanguke majini?"

"Nimesema usiutaje," Athumani akaniambia mimi, si Shamte, na hakuwa akicheka tena. "Akijua sasa, hatalala mpaka nirudi. Mwambie mzima, basi. Na ili aamini, mwambie shoka langu asimpe mtu."

Niliahidi. Ningesema nini? Mguu ulikuwa wake, na mama alikuwa wake.

Kwa maji hadi Salale

Nilirudi siku ya tatu, nimepanda njia nzima, na uani kwa Bi Zena niliingia napiga kengele mpaka kuku wakakimbia. Alitoka jikoni akasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Hai?"

"Hai. Anakula machungwa."

Akaketi kizingitini akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Kisha akaniambia kwamba dada yake hayupo. Jana yake ilikuja habari kwamba tumbili wameingia kwenye mpunga, na mpunga ule ndio chakula cha mwaka mzima, kwa hiyo alivuka asubuhi maji yalipojaa. Alikuwa ameacha neno: mwenye baiskeli akirudi, na habari yoyote, Kondo amvushe.

Kondo alikuwa mtu wa mikoko pia, mkavu, mwenye meno machache na maneno mengi. Alipoiona baiskeli alizunguka mtumbwi wake mara mbili.

"Iache kwa Zena."

"Siiachi."

"Salale hakuna njia. Kuna maji na matope. Utaipanda juu ya nini, juu ya migongo ya samaki na kamba?"

"Siiachi," nikasema tena. Sikuweza kumweleza kwamba ndiyo iliyonipa kazi ile na nilitaka nifike nayo. Tukailaza katikati ya mtumbwi, magurudumu juu ya mapipa mawili ya plastiki, nami nikaishika usukani nimekaa kama abiria wa kitu kisichokwenda.

Sijawahi kusafiri polepole vile. Maji yalikuwa yanajaa, ya rangi ya chai ya maziwa, na mikoko ilisimama pande zote juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowe. Kila kijito kilizaa vijito viwili. Kondo aliendesha kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kila kona alinionyesha kitu: pale walipokata boriti mwaka jana, pale boti yenye masanduku ya barafu inaposimama kununua kamba, kule mbali njia ya Kiongoroni karibu na bahari. Nilimwuliza kila kitu kinaitwaje mpaka akachoka.

"Nami nikuulize," akasema. "Habari uliyonayo ni ya kupanda au ya kukokota?"

"Ya kupanda."

"Basi piga kengele. Mwanahawa anazijua, kwa dada yake baiskeli zinapita kila siku. Huku sauti inakwenda mbali juu ya maji. Kwa nini aendelee kuteseka mpaka tufike?"

Lilikuwa wazo zuri. Tulipotokea kwenye kona ya mwisho niliona mashamba ya mpunga yameanza kuwa ya njano, na juu yake vile vibanda vya nguzo wanavyoviita madungu, wanamokaa kulinda mazao wakati wa mavuno, kila kimoja na ngazi yake. Nikaanza kupiga kengele. Kri, kri, kri. Ilisikika ajabu pale, kama mtu amepotea. Kwenye dungu moja mtu aliyekuwa akigonga debe kufukuza ndege akaacha kugonga.

Nilipiga, nikapiga, kisha nikamwona anasimama, mama mnene mwenye khanga, amekinga macho kwa mkono, na mara ule mguu wenye bandeji nyeupe ukanijia mbele ya macho. Kidole gumba kikabaki juu ya kengele. Nilijaribu kuanza tena na sikuweza. Kwa watu wale kulikuwa na kupanda na kulikuwa na kukokota. Hakuna aliyeniambia mtu mwenye habari kama yangu afike vipi.

Tulifika ukingoni. Bi Mwanahawa alikuwa ameshashuka, amesimama kwenye matope mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Athumani mzima. Anakusalimu sana. Anasema shoka lake usimpe mtu."

Uso wake ulilegea wote kwa pamoja. "Ni yeye," akasema. "Huyo ni yeye hasa. Shoka lenyewe nimeshalitupa mtoni." Kondo akacheka, na yeye akacheka kidogo, akanishika mkono kunivuta nje ya mtumbwi. Kisha hakuuachia.

"Sasa niambie. Kengele mbona ilikatika?"

Nilimtazama Kondo, naye akawa anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Nilikuwa nimeahidi. Niliifikiria ahadi yangu, na nikamfikiria huyu mama aliyekwisha kukaa mchangani mara moja kwa sababu ya mwendo wangu, na sasa anasoma hata kimya changu. Kumwambia uongo kungekuwa kumkalisha tena, siku nyingine, mimi nikiwa sipo.

"Wamemkata mguu," nikasema. "Kidonda kilikuwa kimeoza. Homa imekwisha, anakula, anatania watu. Lakini mguu haupo. Alinikataza nisikwambie."

Alibaki ameushika mkono wangu. Ndege walikuwa wamerudi kwenye mpunga nyuma yake na hakugeuka.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Mpaka wapi?"

Nilimwonyesha kwa kiganja kwenye mguu wangu mwenyewe, chini kidogo ya goti. Aliinama akapatazama mahali pale kwa muda mrefu, kama anapima kitambaa.

"Goti lake lipo," akasema.

"Lipo."

"Mtumbwini watu hukaa," akasema, si kwangu. "Kasia atapiga." Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono wenye tope, tope likabaki shavuni. Akaondoka kuelekea kwenye dungu lake, nasi tukamfuata, mimi nimeibeba baiskeli begani kwa kuwa kweli hakukuwa na njia.

Chini ya dungu alisimama. Ilikuwa ngazi ya boriti mbili, vipandio vinne tu, kila kimoja mbali na mwenzake kwa hatua ya mwanamume mwenye haraka. Athumani ndiye aliyeitengeneza. Aliitazama kwa namna ambayo hakuwa ameutazama hata mguu wangu.

"Wewe utalala juu humu," akaniambia. "Kuna kitanda chake. Mimi nitakuwa kwa jirani, dungu lile. Kesho utakata fito za vipandio vipya, Kondo atakuonyesha zilizo ngumu."

"Sawa, mama."

"Kunja mguu wa kushoto."

Sikumwelewa mara moja. Akaukunja mwenyewe, akaushika nyuma kwa mkono wake, na kwa mkono wa pili akaokota kipande cha mkaa mekoni. "Haya, panda. Polepole. Ukishindwa, simama hapo hapo."

Nilishika boriti, nikajivuta kwa mguu mmoja. Nilishindwa kabla ya kipandio cha kwanza. Aliweka alama ya mkaa mahali goti langu lilipogota, akaniinua kwa bega, akasema tena. Tulikwenda hivyo mpaka juu, alama saba, nami nikaingia kwenye dungu lile kwa magoti, nikitweta.